Pima Kwanza, Ndipo Ufungue

Mji wetu wa Bukavu umekaa juu ya vilima, na rasi zake tano zimeingia katika Ziwa Kivu kama vidole vya mkono. Kila mwenye motokaa hapa ajua ya kuwa barabara zetu ni kupanda na kushuka, na ya kuwa kilima ni hakimu asiyepokea rushwa. Ugonjwa wa gari ambao katika nchi tambarare ungejificha miezi mingi, hapa hujifunua siku moja tu, dereva apandapo kutoka ukingoni mwa ziwa kwenda Kadutu na abiria wanne ndani.

Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya ugonjwa mmoja wa namna hiyo, nao ni upungufu wa msukumo wa mafuta, yaani presha, katika giaboksi ya otomatiki, ambayo mafundi wetu huiita bwati. Twalichagua jambo hili kwa sababu limekwisha kuondoa ng'ombe zizini na karo sandukuni, na mara nyingine bila ya haja yo yote.

Jirani yetu mmoja, baba wa watoto sita, apata riziki yake kwa gari dogo la Toyota la miaka ya 1990, ambalo huwachukulia abiria mjini tangu alfajiri hata usiku. Majira ya mvua yaliyopita gari hilo lilianza kuwa jeuri. Asubuhi alipoweka gia katika D, lilikaa kimya kitambo kabla ya kushika, kama mtoto aliyeamshwa usingizini. Kisha, kilimani, injini ilinguruma kwa nguvu nyingi lakini magurudumu hayakuwa na habari. Akalipeleka kwa fundi. Fundi akaliendesha mara moja uwanjani, akashuka, akasema, "Bwati imekufa, baba. Tafuta nyingine."

Jioni ile jirani alikuja kwetu. Hakuja kuuliza habari za gari, bali alitaka tumwandikie hati ya kuuza ng'ombe wawili walioko Walungu. Ng'ombe hao walikuwa wamewekwa kwa ajili ya masomo ya kijana wake mkubwa, ambaye alibakiza mwaka mmoja tu apate diploma ya Serikali. Tulishika kalamu, lakini mkono ulikuwa mzito, maana tulikumbuka jeraha letu wenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita sisi pia tuliambiwa maneno yale yale juu ya gari letu. Tulikopa, tukanunua giaboksi iliyokwisha tumika, ikafungwa. Haikupita juma moja, ugonjwa ukarudi vile vile. Kumbe maradhi hayakuwa ndani ya giaboksi, bali katika bomba lipelekalo mafuta kwenye rejeta, ambalo lilikuwa limepasuka na kuvujisha kidogo kidogo. Tulitupa kitu kizima, tukabaki na kibovu, na deni lile tulililipa muda wa miezi kumi na minne. Hatumlaumu fundi, kwa maana hakuwa na kipimo, nasi hatukumwuliza swali hata moja. Basi tukamwambia jirani, "Hati tutakuandikia kesho kutwa. Kesho twende kwanza kwa mtu mwenye kipimo."

Kabla ya kuwasimulia tuliyoyaona huko, yafaa tueleze kwa nini mafuta yana kazi kubwa hivi katika giaboksi ya otomatiki. Giaboksi za kwanza za namna hii kuuzwa kwa wingi zilikuwa Hydra-Matic za kampuni ya General Motors ya Marekani, zilizotiwa katika magari ya Oldsmobile ya mwaka 1940. Katika gari la kawaida mguu wa dereva ndio unaoachanisha na kuunganisha klachi. Katika otomatiki hakuna mguu. Kazi hiyo hufanywa na mafuta. Ndani ya giaboksi mna sahani nyembamba nyingi zilizopangwa moja baada ya moja. Pampu huvuta mafuta kutoka katika bakuli la chini, kupitia chujio, ikayasukuma katika njia ndogo ndogo. Vali moja hupima na kurekebisha msukumo, na nyingine huyagawa. Mafuta yafikapo nyuma ya pistoni, pistoni hubana sahani, sahani hushikana, na gari huenda. Mkono unaobana ni mafuta yenyewe. Mkono ukilegea, sahani huteleza, zikiteleza huungua, zikiungua, hapo ndipo giaboksi hufa kweli.

Mtu aliyeieleza kanuni hii kwa usahihi alikuwa Mfaransa, Blaise Pascal, aliyezaliwa mwaka 1623. Alionyesha ya kuwa maji au mafuta yaliyofungiwa ndani ya chombo, yakisukumwa mahali pamoja, husukuma kila upande kwa kadiri ile ile. Kitabu chake juu ya jambo hili kilipigwa chapa mwaka 1663, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Tena mwaka 1648 alikuwa amemwomba shemeji yake apande mlima wa Puy de Dôme na zebaki katika bomba la kioo, ili ijulikane kama msukumo wa hewa hupungua juu mlimani. Nao ulipungua. Kimo cha mlima ule ni mita 1465, na uso wa Ziwa Kivu uko mita 1460 hivi juu ya bahari. Basi sisi tukaao Bukavu twalala na kuamka mahali alipopanda shemeji yule kwa kazi ya siku moja.

Ninyi wanafunzi, fanyeni hesabu ndogo. Msukumo wa bar 1 ni karibu kilo 1 juu ya kila santimeta mraba. Pistoni yenye santimeta mraba 50, ikipata bar 10, hubana sahani kwa nguvu ya kilo 500 hivi. Msukumo ukishuka hata bar 4, nguvu hiyo hushuka hata kilo 200. Injini ni ile ile, abiria ni wale wale, kilima hakikupungua, bali mkono unaoshika umepoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake. Je, ni ajabu gari likiteleza?

Sasa turudi kwa jirani yetu. Kesho yake tulimkuta fundi mzee, mtu wa maneno machache, anayefanya kazi chini ya paa la mabati. Hakushika spana. Aliuliza kwanza maswali matatu: "Ugonjwa ulianza lini? Wazidi mahali gani? Nani aligusa gari mara ya mwisho?" Jirani akajibu ya kuwa ulianza miezi miwili iliyopita, ya kuwa wazidi mlimani, na ya kuwa kabla yake kijana mmoja alifungua sehemu ya injini inayopokea hewa, ili aisafishe. Mzee akatikisa kichwa, akaomba kitambaa cheupe.

Jambo la kwanza ni mafuta. Mzee alisimamisha gari mahali pa sawasawa, likiwa limekwisha kutembea hata kupata moto. Akaacha injini ikiwaka, akapitisha gia katika kila nafasi, akairudisha katika P, ndipo akachomoa kijiti cha kupimia, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena. Hii ndiyo desturi ya Toyota zenye kijiti. Lakini angalieni: Honda nyingi hupimwa injini ikiwa imezimwa sasa hivi, na magari mengi mapya hayana kijiti kabisa, bali hupimwa kwa kizibo cha chini, mafuta yakiwa katika joto lililoandikwa. Kila gari lina sheria yake.

Kijiti kilionyesha mafuta chini ya alama. Hapo kilima kilieleweka. Mafuta yakiwa machache, gari likiinama hukimbilia upande mmoja wa bakuli, na pampu badala ya mafuta humeza hewa. Hewa hubanika, mafuta hayabaniki. Pistoni iliyojaa hewa ni kama mkono ulioshika povu la sabuni. Kwa sababu hiyo hiyo, mafuta yakizidi ni hatari vile vile, maana gia zinazozunguka huyapiga hata yakatoka povu, na msukumo hupungua. Mtu aongezaye "kidogo zaidi kwa usalama" ajiletea ugonjwa aliotaka kuuponya.

Mzee akadondosha tone juu ya kitambaa. Mafuta mema ya Toyota kama hii huwa mekundu, nayo nuru hupenya ndani yake. Haya yalikuwa ya kahawia, lakini hayakunuka kuungua. "Bado kuna tumaini," alisema. Yangalikuwa meusi, yenye harufu ya kitu kilichoungua, tungalijua ya kuwa sahani zimekwisha kuumia. Kisha akalala chini ya gari na taa, akaona mpira unaopeleka mafuta kwenye rejeta umelowa. Tulitazamana na jirani bila kusema neno. Ulikuwa ugonjwa wetu wa zamani.

Mpira ulibadilishwa, na mafuta yaliyoandikwa katika kitabu cha gari yakaongezwa hata alama. Hapa twaonya: msitie mafuta ya injini, wala ya breki, wala mafuta yo yote mekundu kwa kuwa ni mekundu tu. Tena magari mengi ya siku hizi yana giaboksi ya mkanda, iitwayo CVT, ambayo yataka mafuta yake peke yake. Kuchanganya ni kuua.

Jambo la pili ni saa. Mzee alivuta breki ya mkono, akakanyaga breki ya mguu, akahamisha gia kutoka N kwenda D, nasi tukahesabu kwa saa ya simu hata gari liliposhtuka kidogo, alama ya kwamba klachi imeshika. Akangoja dakika moja, akarudia, mara tatu. Kisha akafanya hivyo hivyo kutoka N kwenda R. Katika Toyota za namna ile D haipasi kupita sekunde 1.2, wala R sekunde 1.5. Yetu ilipita sekunde 2 kwa D na kwa R pia. Kipimo hiki hakigharimu hata senti moja, na kila mwenye gari aweza kukifanya nyumbani, mradi mahali ni pa sawasawa na watoto wamekaa mbali.

Jambo la tatu ni waya. Katika otomatiki za zamani uko waya mwembamba utokao penye pedali ya mafuta kwenda katika giaboksi. Kazi yake ni kuiarifu giaboksi ya kuwa dereva ameomba nguvu, ili msukumo uongezeke. Ukilegea, dereva aomba nguvu na giaboksi haisikii. Mzee alimwagiza jirani akanyage pedali hata mwisho, akatazama alama ya waya. Nafasi yapasa kuwa kati ya milimita 0 na 1. Ilikuwa upana wa kidole. Ndipo tulipojua kwa nini alikuwa ameuliza nani aligusa gari mara ya mwisho. Yule kijana alirudisha kila kitu mahali pake, ila waya aliuacha umelegea. Ulikazwa kwa spana mbili, kazi ya robo saa. Katika magari mapya hakuna waya huu. Kompyuta ndiyo inayoamuru vali za umeme, na ugonjwa wa msukumo huandikwa kwa alama kama P0868, ambayo husomwa kwa chombo cha uchunguzi.

Jambo la nne ni kipimo chenyewe. Pembeni mwa giaboksi pana kizibo kidogo. Mzee alikitoa, akafunga mpira wenye saa ya presha. Mafuta yalikuwa na moto wa kadiri ya nyuzi 50 hata 80. Magurudumu yalizuiwa kwa magogo, breki zote zikashikwa, na hakuna mtu aliyeruhusiwa kusimama mbele wala nyuma. Akasoma katika D, injini ikizunguka polepole. Akakanyaga mafuta hata mwisho, akasoma tena, akaachilia upesi. Kukanyaga huko kusipite sekunde 5, la sivyo mafuta huchemka na kipimo chenyewe huharibu kile kilichokuja kupimwa. Kisha akafanya hivyo katika R. Sisi tulishika kitabu, tukamsomea hesabu zake. Katika Toyota nyingi za miaka ile, D injini ikizunguka polepole ni bar 4 hivi, na ikikanyagwa ni bar 9 hata 12. R huwa juu zaidi. Lakini kitabu cha gari lenyewe ndicho hakimu wa mwisho.

Saa yetu ilionyesha upungufu kidogo katika D na katika R pia. Hapo mzee alitufundisha neno moja ambalo twapenda mlishike. "Mwalimu," alisema, "mtaa mzima ukikosa maji, nenda penye tangi. Nyumba moja ikikosa, tazama bomba lake." Yaani msukumo ukiwa mdogo katika kila gia, ugonjwa uko mahali pa wote: mafuta, chujio, waya, vali ya kurekebisha, au pampu. Ukiwa mdogo katika D peke yake, ugonjwa uko katika njia ya D au klachi yake. Na katika R peke yake, vivyo hivyo. Kwa kusoma mara nne tu, mtu ajua aelekee wapi, wala hafungui kitu asichokuwa na haja ya kukifungua.

Waya ulikuwa umekwisha kukazwa, mafuta yamejaa. Lililobaki rahisi ni chujio. Mzee akamwaga mafuta, akashusha bakuli. Ndani yake mna sumaku ndogo zinazokamata vumbi la chuma. Tulipata tope laini la kijivu, ambalo ni uchakavu wa kawaida. Vingaliwapo vipande vinavyong'aa vya chuma, vingalikuwa habari ya gia, beringi au sahani zilizoliwa. Na vipande vya shaba, visivyokamatwa na sumaku, vingalikuwa habari ya bushi zilizokwisha. Hapo ingalibidi kufungua giaboksi yote. Lakini chujio lilikuwa limeziba nusu nzima. Likawekwa jipya, bakuli likafungwa kwa gasketi mpya, mafuta mapya yakatiwa hata alama. Kipimo kikarudiwa, na mara hii kila hesabu iliangukia ndani ya mipaka ya kitabu. Saa ya simu pia ilikubali: D ilishika kabla ya sekunde 1.2.

Gari lilipanda Kadutu siku ile ile na abiria wake. Gharama yote ilifika karibu na bei ya mbuzi mmoja, wala hati ya ng'ombe haikuandikwa. Lakini hatutaki kuwadanganya. Mzee alimwambia jirani waziwazi ya kuwa gia ya pili bado yabadilika kwa mshtuko mdogo, kwa sababu sahani zake ziliungua kiasi katika miezi miwili ile ya kuteleza. "Hizo sikuweza kuzirudisha," alisema. "Ungalikuja juma la kwanza, ungaliondoka na gari zima. Ungalikuja mwezi ujao, ningalikwambia kama yule wa kwanza." Tangu hapo jirani hupima mafuta kila Jumamosi, na ashukapo Ngomo kwenda Kamanyola na kupanda tena, hupumzisha gari juu, kwa sababu anajua ya kuwa mlima mrefu huyachemsha mafuta, na mafuta yaliyochemka mara nyingi huchakaa upesi.

Basi, wapenzi wasomaji, tumepata somo gani? Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Gari likikawia kushika gia, likinguruma bila kwenda, likitoa sauti kama filimbi kutoka kwenye pampu, msilipeleke mlimani siku ya pili ili kuona kama litapona lenyewe. Pelekeni lipimwe. Na mtu akiwaambia kitu kimekufa, mwulizeni kwa adabu: mafuta yalikuwaje? Saa ilisema sekunde ngapi? Presha ilikuwa ngapi katika D, na ngapi katika R? Fundi mwenye kipimo atafurahi kujibu, na asiye nacho atakumbuka kukiazima.

Kijana wa jirani yetu bado yuko darasani, na ng'ombe wawili bado walisha Walungu.